Milimita Nne

Siku ya mabaki katika duka lile si siku ya watu wapole. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, mama mwenye duka huteremsha majora yote yaliyobakiwa na mita chache, huyamwaga kwenye meza kubwa ya mbao, kisha hufungua mlango na kujiweka pembeni na mkasi wake mkononi. Watu wazima wenye heshima zao, walioamkiana vizuri kabisa kule nje, huingia wakipigana vikumbo. Mimi mwenyewe niliwahi kukanyagwa pale na mwalimu mkuu mstaafu, na hakuniomba radhi.

Siku hiyo waliingia watu wawili wasiojuana. Wa kwanza alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa, suruali ya kaki yenye mifuko sita, buti bado zina vumbi la jana, nywele amezibana kwa kitambaa chekundu. Kazini kwao wote wanamwita Mpimaji, maana kazi yake ni kupima viwanja na kupigilia mawe ya mipaka. Wa pili alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasalimu amri, mikono ameikunja hadi viwiko, na kilenzi cheusi kinaning'inia kifuani kwa uzi. Huyo ni Fundi Saa, ana kiduka chake mtaa wa pili. Wote wawili walifika mezani kwa pande mbili tofauti, na wote wawili wakashika jora moja.

Lilikuwa la njano, njano ya kiini cha yai, yenye vidoti vyeupe vidogo sana.

"Samahani kaka," alisema Mpimaji, "hiki nimekishika mimi."

"Samahani dada, mimi nilikishika jana."

"Jana duka lilikuwa limefungwa."

"Nilikishika kwa macho. Pale dirishani, nikitoka kazini."

"Macho hayana vidole, kaka yangu. Achia."

Hakuachia. Na wala hakuvuta, na hilo ndilo lililomfanya Mpimaji amtazame vizuri usoni. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja, kama mtu anayejua kwamba atashindwa na hana haraka.

"Unakitakia nini?" aliuliza Mpimaji.

"Mfarishi."

Mpimaji alicheka kwa mshangao. Kwa asiyeujua, mfarishi ni lile blanketi zito linaloshonwa kwa vipande vya vitambaa vya kila rangi, katikati linatiwa pamba, nyuma linawekwa bitana, na mishono hupenya mpaka huko nyuma. Kazi ya wiki nyingi. Watu wanaoujua siku hizi ni wachache, na wanaume wanaoujua unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiwa na vidole.

"Na mimi mfarishi," alisema. "Unamnunulia fundi wako?"

"Fundi ni mimi. Nashona kwa mkono. Mzee aliyenifundisha kazi ya saa anastaafu, nataka nimpe zawadi."

Mama mwenye duka alikuwa amekwisha kufika. Alilikung'uta jora, akalipima kwa rula yake ya mbao iliyochakaa. "Mita nne. Wewe unataka ngapi?"

"Tatu," alisema Mpimaji.

"Na wewe?"

"Tatu."

"Mimi sikusoma sana, lakini hiyo haiwezekani." Kabla hawajafungua midomo, mkasi ulikuwa umepita katikati. "Mbili, mbili. Nendeni mkapendane huko nje, mnaziba njia."

Nje kwenye kibaraza walisimama kila mtu na kifurushi chake, na hakuna aliyeondoka.

"Ukibakiwa na kipande chochote, nipigie," alisema Mpimaji.

"Na wewe ukibakiwa?"

"Mimi sibakiwi. Kazi yangu ni kupima ardhi. Kwetu milimita zikipotea, majirani wanapelekana mahakamani."

"Basi nipe namba yako, Bi Mpimaji, nisije nikashtakiwa."

Alimpa. Akaondoka akitembea haraka, na alipopinda kona alijikuta anacheka peke yake barabarani kama mtu aliyeokota kitu.

Simu ilipigwa Jumatatu, saa sita na nusu mchana. Mpimaji alikuwa katikati ya uwanja mtupu, jua limempata utosini, jicho moja kwenye darubini ya kupimia.

"Nimekosea," ilisema sauti ya Fundi Saa. "Mzee wangu hapendi njano."

"Umejuaje?"

"Nimemuuliza kwa mbali. Anapenda bluu. Njoo uchukue mita zangu mbili."

Uongo mtupu. Mzee hakuulizwa chochote, na bluu ilibidi inunuliwe upya. Fundi Saa alikuwa amekesha na sauti ya yule dada masikioni, na kitu pekee alichokuwa nacho ambacho yule dada anakitaka kilikuwa zile mita mbili. Sasa mtu afanye nini?

Mpimaji alikwenda jioni hiyo hiyo, buti zikiwa zimepigwa rangi. Kiduka kilikuwa chembamba, meza moja, viti viwili, na ukutani saa kama arobaini, kila moja na wakati wake.

"Saa ngapi hapa kwako?" alitania.

"Chagua unayoipenda. Ukichagua ile ya mwisho, bado una saa tano za kukaa."

Alikaa. Akamweleza, bila kujua kwa nini anamweleza mtu asiyemjua, habari ambayo hajawahi kumwambia mtu. Dada yake mkubwa ameolewa miaka tisa bila mtoto, na sasa ni mjamzito, zimebaki wiki tano. Katika familia yao kila mtoto anayezaliwa anafunikwa mfarishi, na yote alishona mama yao. Lakini sasa mikono ya mama inatetemeka, sindano haishikiki, na kazi ameirithi yeye.

"Hongera basi," alisema Fundi Saa.

"Hongera gani? Humjui mama yangu. Ukimpa mfarishi hatazami mbele. Anaugeuza nyuma kwanza, anavaa miwani, anapita na kidole mshono kwa mshono." Alichukua saa moja ya mezani, akairudisha. "Nilimshonea mmoja nikiwa na miaka kumi na tano. Aliugeuza, akautazama, hakusema neno. Akaukunja akauweka sandukuni. Mpaka leo sijauona tena."

"Na huu?"

"Huu lazima aukubali. Akinyamaza tena, mimi na sindano basi."

Fundi Saa alisogeza kando saa aliyokuwa ameifungua. "Vipande vikubwa vingapi?"

"Thelathini. Kila kimoja kina viraka tisa."

"Nipe kumi na tano."

"Wewe una wa mzee wako."

"Mzee anastaafu miezi mitatu ijayo. Mtoto hasubiri. Nipe kumi na tano, Bi Mpimaji, usinifanye nikuombe mara mbili."

Ndivyo ilivyoanza, na kusema kweli, zile wiki tatu zilizofuata sijui nani alikuwa anashona na nani alikuwa anaelea. Walipigiana simu alfajiri kabla ya kazi, wakapigiana mchana, wakapigiana jioni kila mmoja akiwa na kazi mapajani. Mpimaji kwa cherehani, Fundi Saa kwa sindano ya mkono.

"Hiyo cherehani yako inapiga kelele kama pikipiki," alisema Fundi Saa.

"Na wewe mbona huna sauti? Umelala?"

"Nashona, mpenzi. Mkono haupigi kelele."

Lile neno lilipita katikati ya sentensi kana kwamba limekuwepo siku zote. Cherehani ilisimama.

"Umesema nini?" aliuliza Mpimaji.

"Nimesema mkono haupigi kelele."

"Kabla ya hapo."

"Nimesema nashona."

"Katikati, wewe."

"Ah. Katikati nimesema mpenzi. Nirudie au nikuombe radhi?"

"Rudia," alisema Mpimaji, na akauma midomo asicheke kwa furaha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo palipoharibika. Ilikuwa katika simu za mwanzo mwanzo, wakipanga vipimo. Fundi Saa alifundishwa kushona na bibi yake, kwa utepe wa inchi, na hajui kingine. Alisema, "Kila kipande inchi kumi kwa kumi, baada ya kushona. Inchi kumi ni sentimita ishirini na tano, si ndiyo?"

Na Mpimaji, aliyesomea vipimo miaka minne, anayelala na rula, akajibu, "Ndiyo, hiyo hiyo."

Si hiyo hiyo. Inchi kumi ni sentimita ishirini na tano na milimita nne. Analijua kuliko anavyojua jina la mtaa wake. Lakini mtu akikuongelesha polepole sikioni vile, namba zinapata wapi nafasi?

Jumamosi ya wiki ya tatu Fundi Saa alileta vipande kumi na vinne vimekunjwa kwenye karatasi, akasema cha kumi na tano kitafika kesho. Alivaa shati la kijani, alinukia sabuni. Mpimaji alikuwa na gauni la maua ambalo rafiki zake hawakuwahi kujua kwamba analo. Walikunywa chai, wakacheka, na mlangoni wakati wa kuagana waliagana kwa muda mrefu. Hayo mengine si yangu kuyasimulia.

Asubuhi ya Jumapili, akiimba, Mpimaji alivitandaza vipande vyote sakafuni. Vyake kumi na vitano kushoto, safu tano za vitatu vitatu. Vya Fundi Saa kulia. Akavisogeza vikutane. Safu ya kwanza sawa. Ya pili ikapishana kidogo. Ya tano ikapishana sentimita mbili nzima, huwezi kuficha hata ukitaka.

Aliacha kuimba.

Akapima. Milimita nne, kila kimoja. Akakigeuza kipande kimoja nyuma, akakiona kwa jicho la mama yake. Mishono ya mkono, midogo, safi, lakini ya mkono: huu mrefu kidogo, huu mfupi kidogo, mstari unapumua. Kando yake mishono ya cherehani imenyooka kama mpaka wa kiwanja. Mama atapita na kidole. Mama atafika hapa katikati, atasimama. Halafu atanyamaza.

Simu ilikuwa pale pale mezani. Angempigia. Angesema tu, vipimo vimepishana, tufanyeje? Mimi hapo ningekuwepo ningemshika mkono. Lakini hofu ya miaka kumi na nne haipigi simu. Alichukua wembe akaanza kufumua. Alijiambia atamweleza baadaye, kwamba ataelewa, kwamba yeye ni fundi. Hadi saa tisa alasiri alikuwa amefumua vipande tisa, amevipunguza, na vitano ameshavishona upya kwa mashine.

Mlango ulibishwa mara mbili, ukafunguliwa. Fundi Saa alisimama pale na kipande cha kumi na tano mkononi na mfuko wa matunda.

Alitazama sakafuni. Nyuzi zake nyeupe zilikuwa zimelala pale kila mahali, fupi fupi, mamia kwa mamia.

"Vipimo vimepishana," alisema Mpimaji haraka. "Vyako vimezidi milimita nne. Visingeunganika. Na mama yangu..."

"Umefumua vingapi?"

"Tisa."

"Vitano nilivishona wiki ambayo sikupata wateja. Vinne nilivishona na wewe ukiwa kwenye simu." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ungenipigia."

"Niliogopa mama asi..."

"Ungenipigia tu, mpenzi. Ningekuja na wembe wangu mwenyewe."

Aliweka kipande mezani, akaweka na matunda, akatoka. Alifunga mlango taratibu kabisa.

Aliumia. Aliumia kweli, wala si kwa ajili ya kitambaa. Kazi ya saa ni kazi ya ndani. Miaka kumi na miwili ametengeneza vitu ambavyo hakuna mteja aliyewahi kuvifungua avione. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mtu wa kumshonea, mtu ambaye angeona. Na huyo huyo aliona, akachukua wembe.

Mpimaji alipiga simu Jumapili mara sita. Jumatatu mara nne. Jumanne alituma ujumbe: "Nisamehe. Tafadhali." Ukasomwa, haukujibiwa. Jumatano hakupiga, akapima kiwanja cha watu vibaya, ikabidi kirudiwe chote.

Alhamisi mama alikuja kukagua. Hakualikwa. Alikaa kitini, akavaa miwani, akasema, "Ulete."

Mpimaji alimletea upande wa mbele ulioungwa wote: vipande thelathini, umekaa sawa. Vile sita vya Fundi Saa ambavyo havikuguswa na wembe alikuwa amevibana kidogo kidogo kwenye mshono, vikakubali. Mama akaugeuza nyuma. Kidole kikaanza safari yake, kikitetemeka. Kilipita kushoto haraka haraka. Kilipofika kulia kikapunguza mwendo, kikasimama, kikarudi.

"Hapa palikuwa na mkono," alisema mama.

"Ni cherehani hiyo, mama."

"Naona cherehani, mimi si kipofu. Nasema chini yake. Angalia vitundu hivi vya sindano, hivi hapa, pembeni ya mshono. Mtu alishona hapa kwa mkono, akashona vizuri sana. Halafu mtu akafumua." Alivua miwani. "Yuko wapi mwenye mkono?"

Mpimaji alilia. Alilia kama mtoto, na akaeleza yote, sauti ya kwenye simu, milimita nne, wembe, mama yake mwenyewe na kile kidole.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe unadhani nikigeuza natafuta makosa?"

"Ndiyo, mama. Tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Hukusema hata neno moja."

"Ule wa bluu?" Mama alishangaa kweli. "Mwanangu, ule najifunikia miguu kila msimu wa baridi tangu ulipohama nyumbani. Sikusema neno kwa sababu koo lilinikaba. Nikigeuza nyuma natafuta nani alikaa chini akashona. Ulikuwa umejaa wewe tupu." Akamrudishia kazi mapajani. "Huu sasa simjui aliyeushona. Nenda kamlete mwenyewe."

Mpimaji hakuamini masikio yake. Miaka kumi na minne ameibeba ile siku kifuani, kumbe mama alikuwa anajifunikia miguu. Alitaka kucheka, alitaka kukasirika, vyote vikaja kwa pamoja, mwisho akamkumbatia mama mpaka miwani ikapinda.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Alifumua vile vipande tisa, mishono yake mwenyewe ya mashine, mmoja mmoja. Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni kwa Fundi Saa kabla hakujafunguliwa, na begi mkononi, gauni lile lile la maua, macho mekundu.

Fundi Saa alikuja na funguo. Alimwona. Alisimama.

"Sikuja kujitetea," alisema Mpimaji. "Nina maneno matatu, halafu unaweza kunifukuza."

"Sema."

"La kwanza, kosa la milimita nne ni langu. Uliniuliza, nikasema hiyo hiyo. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Najua hata nikiwa usingizini. Nilikuwa nasikiliza sauti yako, sikusikiliza namba."

Upande mmoja wa mdomo wa Fundi Saa ulicheza. Akaurudisha mahali pake. "La pili?"

"La pili, nilimwogopa mama yangu kuliko nilivyokuheshimu wewe. Sitarudia. La tatu," alifungua begi, viraka themanini na kimoja vimefungwa tisa tisa, "nimefumua ya kwangu. Nakuomba unifundishe mkono. Dada amebakiza siku tisa."

Fundi Saa alichukua kifurushi kimoja, akakipima kwa vidole. Ukitaka kujua, alikuwa ameshasamehe tangu neno la kwanza.

"Umevipunguza ulivyofumua," alisema. "Na vile sita vyangu ulivyoviacha?"

"Nimebana palipozidi."

"Ukabana." Alicheka sasa, waziwazi. "Vipande vikizidi unabana kidogo kidogo, nguo inakubali. Ungefanya hivyo hivyo kwa vyote, tusingepoteza wiki nzima."

"Kwenye ardhi hakuna kubana."

"Hiki si kiwanja, laazizi. Ingia ndani, unanizibia wateja."

Siku saba zile, kila alasiri, Mpimaji alikaa nyuma ya meza ya saa akijifunza kushika sindano. Alijichoma vidole vyote. Wateja walioleta saa waliulizana yule dada wa buti ni nani, na Fundi Saa alijibu kila mmoja, bila kuinua kichwa, "Ni wangu." Mara ya kwanza Mpimaji alijichoma kwa sababu hiyo tu.

"Huu mshono umepinda," alimwambia.

"Acha upinde. Utashika?"

"Utashika."

"Basi endelea, mpenzi. Mbele bado kuna mingi ya kupinda."

Siku ya nane walikuwa wameshatia pamba, wamepiga bandi bitana kwa mishono mirefu, wamerudia kila mshono kama ulivyoshonwa mpaka ukatokea nyuma, wameshikiza kila kona kwa fundo. Ilibaki pindo tu, lile la njano la kuzunguka ukingo wote. Saa nne asubuhi simu ya Mpimaji ikaita.

"Mdogo wangu," ilisema sauti ya dada, inahema na inacheka kwa wakati mmoja, "chupa imepasuka. Mfarishi uko wapi?"

"Uko... unakuja. Unakuja, dada. Wewe vuta pumzi."

"Mimi navuta. Wewe vuta uzi."

Fundi Saa aligeuza kibao cha mlangoni, akabeba mfarishi mabegani, akabeba sindano mdomoni, na wakaruka kwenye teksi ya kwanza.

Kwenye ukumbi wa hospitali walikaa benchi moja, mfarishi umelala magotini mwao wote wawili. Mmoja alianza kona hii, mwingine kona ile, wanaufuata ukingo wakielekeana. Watu waliokuja kuona wagonjwa walisahau wagonjwa wao. Muuguzi mmoja alisimama, mikono kiunoni.

"Hapa ni wodi ya wazazi. Kiwanda cha nguo kiko wapi tukipeleke?"

"Dakika ishirini tu, sista," alisema Fundi Saa.

"Mtoto hana dakika ishirini." Lakini aliondoka, na baada ya muda akarudi na mkasi mzuri wa wodini, akauweka pembeni yao.

Zilibaki shubiri nne. Zikabaki mbili. Vidole vyao vikawa vinagusana kila mkono unapovuta uzi. Ndani, nyuma ya mlango wa pili, ukasikika ukelele mwembamba, mkali, wa mtu aliyeudhika sana kuamshwa. Mpimaji aliacha sindano hewani.

"Shona," alinong'ona Fundi Saa, machozi yanamtoka. "Shona, mpenzi, kafika."

Walipiga fundo la mwisho pamoja, mmoja ameshika uzi, mwingine amekata.

Ilikuwa binti. Dada alikuwa amelala, uso umechoka na unang'aa, na mama ameketi kando yake na kile kichanga kifuani. Mama aliwaona wanaingia. Alimpa dada mtoto, akavaa miwani, akanyoosha mikono yake inayotetemeka.

Akaugeuza nyuma.

Fundi Saa alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Kidole kilipita kushoto. "Huyu ni wewe na cherehani yako." Kikapita kulia, kwenye vipande sita vya kwanza, polepole. "Huyu ndiye niliyemuulizia." Kikafika kwenye vile tisa, kikasimama. "Na hapa? Huyu aliyepinda ni nani?"

"Ni mimi, mama. Ndio naanza kujifunza."

"Umepinda kweli," alisema mama. Akavuta mshono kwa nguvu, pande zote mbili. Haukuachia. "Umeshika, lakini." Akamfunika mjukuu wake mwenyewe, akaubana vizuri chini ya miguu yake midogo. "Umeshika kabisa, mwanangu. Kazi ni yako sasa. Mimi nimepumzika."

Mpimaji alitoka haraka kwenda ukumbini, maana asingetoka angelia mbele ya mtoto wa saa moja. Fundi Saa alimfuata. Walisimama dirishani, jua la saa nane limejaa sakafuni.

"Nataka tushone mwingine," alisema Mpimaji, anajifuta macho kwa kiganja.

"Nani kajifungua tena?"

"Hakuna. Nataka wa sita kwa sita."

Fundi Saa alimtazama. "Hicho ni kitanda kizima."

"Najua ukubwa wake. Kupima ndiyo kazi yangu."

"Wa kumpa nani?"

"Huo hatumpi mtu. Ni wetu."

Fundi Saa alimshika mkono, ule wenye vidole vilivyochomwa vyote, akarudi naye wodini. Akasimama mbele ya mama na shati lake lililojaa nyuzi za njano.

"Mama, shikamoo tena. Samahani, kuna jambo nimekuja kuomba."

Mama hakuinua macho kutoka kwa mjukuu.

"Nimeshalisoma huku nyuma, mwanangu," alisema. "Vuta kiti, ukae."